Histeresisi si kuchelewa

Nimesikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye shahada ya fizikia, kwamba histeresisi ya superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa vya kutosha) ni "uchelewaji" wa usumaku, na kwamba ukisubiri kidogo usumaku huo utaufikia uga wa sumaku wa nje. Hautaufikia. Histeresisi ni hali ya kitu kuwa na usumaku tofauti katika uga uleule, kutegemea njia iliyopitwa kuufikia uga huo.

Kosa limejificha katika asili ya neno. James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, aliliunda mwanzoni mwa miaka ya 1880 kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuwa nyuma, kupungukiwa na pia kuchelewa (halina undugu wowote na historia, ingawa wapo wanaodhani hivyo). Ewing alikuwa akipima chuma. Sisi tumeshika maana ya kuchelewa, na saa ikaingia mahali isipohusika.

Chukua bonge la superkondakta, oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, lililopozwa kwa naitrojeni kimiminika hadi kelvini 77. Uga wa nje ukipandishwa, mikondo ya umeme huzuka kwanza ukingoni, kisha husogea ndani hatua kwa hatua, kwa kuwa nyuzi za uga zinazopenya hunaswa na kasoro za fuwele. Uga ukishushwa, mikondo ya ukingoni hugeuza mwelekeo ilhali ile ya ndani hubaki ilivyokuwa. Ndiyo maana uga wa nje ukifika sifuri, bonge bado ni sumaku. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge walinasa hivyo uga wa tesla 17.6, katika kelvini 26.

Katika modeli ya mwanafizikia Charles Bean ya mwaka 1962, inayoeleza mikondo hiyo, muda haumo kabisa. Pandisha uga polepole au upesi, mradi bonge lisipate joto, kitanzi cha usumaku (mchoro wa usumaku uga unapopanda na kushuka) ni kilekile.

Kinachofuata saa ni jambo jingine, yaani mtambao: mtikisiko wa joto huzichomoa nyuzi mitegoni, na usumaku ulionaswa hupungua kwa logi ya muda, hivi kwamba upungufu wa kati ya dakika ya kwanza na ya kumi hukaribiana na ule wa kati ya dakika ya kumi na ya mia. Mtambao huila histeresisi. Si histeresisi yenyewe.

Basi, ndugu yangu, pale uliposema "kuchelewa" sema "kusalia", na maelezo yako mengine yatasimama kama yalivyo.