Mshahara wa kusubiri rufaa nchini India: je, unakatwa michango?

Nchini India, mfanyakazi aliyefukuzwa anaweza kushinda Mahakama ya Kazi, akapata tuzo, yaani uamuzi wa mahakama hiyo, ya kurejeshwa kazini, na bado akakaa nyumbani miaka. Mwajiri hukimbilia Mahakama Kuu, akishindwa hupanda Mahakama ya Juu, na mashauri ya huko hayaendi mbio. Ndiyo maana Sheria ya Migogoro ya Viwanda ya 1947 iliongezewa kifungu cha 17B, kilichoanza kutumika Agosti 1984. Maadamu mwajiri anaendelea kuipinga tuzo kwenye mahakama hizo mbili, anatakiwa amlipe mfanyakazi mshahara kamili wa mwisho aliokuwa akipokea. Mfanyakazi naye aape kwa hati ya kiapo kwamba hana ajira kwingine.

Huo "ukamilifu" usikudanganye. Katika kesi ya Dena Bank, Mahakama ya Juu ilisema kinacholipwa ni kiwango cha siku ya kufukuzwa, si kile ambacho angekuwa amefikia leo. Ilisema pia kwamba fedha hizo ni za namna ya posho ya kujikimu, kwa hiyo hazirudishwi hata mwajiri akishinda.

Hapo ndipo swali la michango linapozaliwa. Kama ni posho ya kujikimu, je, mfuko wa akiba ya uzeeni na bima ya matibabu ya wafanyakazi, ambavyo huchangiwa na mfanyakazi na mwajiri, vinapata fungu lao?

Kila sheria ina tafsiri yake ya mshahara, na hazifanani. Sheria ya mfuko wa akiba ya 1952 inatoza mchango kwenye malipo anayoyapata mfanyakazi akiwa kazini, au akiwa kwenye likizo au sikukuu yenye malipo. Aliyezuiwa getini hayuko kazini wala likizo, na kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote alizonazo mwajiri. Sheria ya bima ya 1948 ina wigo mpana zaidi: inahesabu hata ujira ambao ungelipwa kama masharti ya mkataba yangetimizwa. Katika kesi ya Popular Automobiles, Mahakama ya Juu iliamua kwamba posho ya mfanyakazi aliyesimamishwa kazi ni mshahara kwa sheria hiyo ya bima. Mwajiri atajibu kuwa aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa, huyu alikwisha kufukuzwa. Sawa, lakini tuzo imeshatengua kufukuzwa huko, na kukata rufaa peke yake hakuifuti. Upande wa bima, basi, naona mfanyakazi ana nguvu zaidi.

Tuchukue mshahara wa rupia 8,000. Mfuko wa akiba kwa kiwango cha asilimia 12 unachukua 960 kwa mfanyakazi na 960 nyingine kwa mwajiri. Bima, kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, ni asilimia 0.75 kwa mfanyakazi, yaani 60, na 3.25 kwa mwajiri, yaani 260. Mkononi zinabaki 6,980. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa zamani uliogandishwa, makato hayo yanauma, ingawa ile 60 ndiyo inayoweza kumfungulia mlango wa matibabu yeye na familia yake. Wapo watakaoitamani bima na kuukataa mfuko.

Mwajiri anayenyamaza kwanza bila kukata michango, akisubiri hukumu ya mwisho, anajiwekea mtego. Kanuni za mfuko wa akiba haziruhusu sehemu ya mfanyakazi ikatwe kwenye mshahara wa kipindi kingine, isipokuwa pale iliposahaulika kwa bahati mbaya au kwa kosa la kikarani. Kuacha kukata kwa makusudi si kosa la kikarani. Ikiamuliwa baadaye kwamba michango ilidaiwa, sehemu zote mbili zitatoka mfukoni mwake, pamoja na riba na adhabu ya kuchelewesha.

Sheria hizi sasa ni za kizazi cha zamani. Mwaka 2020 Bunge la India lilipitisha mpya za kuzirithi. Anayeshika faili la miaka ya sheria hizo za zamani aangalie kwanza amri ya mahakama: kama imetaja kiasi cha kulipwa na ikakaa kimya kuhusu makato, aombe ufafanuzi mapema, kabla ya malipo ya kwanza.