Klasi mama ya zana za kuchorea: yanayoaminiwa na yalivyo

Ukiandika programu-jalizi ya QGIS, programu ya ramani, kwa lugha ya Python, hutachelewa kukutana na QgsMapTool, klasi mama (ile ambayo nyingine huirithi) ya zana zote za kwenye turubai, yaani eneo ramani inapoonyeshwa: ya kusogeza, ya kukuza, ya kutambua kitu kilichobofywa, na hiyo utakayoiandika mwenyewe ya kuchora mpaka wa kiwanja. Klasi yenyewe ni ndogo, ila imani zinazoizunguka ni nyingi, na nyingine humfuata mtu hata akihamia kwenye turubai la kivinjari.

Dhana: Klasi mama ipo ili tusirudie msimbo.

Ifungue uone ilivyo tupu. Mbinu zake (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) za kubonyeza, kusogea na kuachia kipanya, canvasPressEvent, canvasMoveEvent na canvasReleaseEvent, hazifanyi lolote; zimeachwa hivyo ili anayerithi azijaze. Inachotoa klasi hii ni mapatano. Turubai linajua kwamba chochote kitakachoshika nafasi ya zana kina mlango wa kuingilia, yaani activate, na wa kutokea, yaani deactivate, na kwamba katikati hapo kitapokea matukio ya kipanya na kibodi. Kama unachora poligoni au unapima umbali, halina habari. Ndiyo maana setMapTool, mbinu ya turubai ya kubadilisha zana, huzima zana ya zamani na kuwasha mpya bila kuuliza ni zana gani.

Wanaojaza klasi mama yao rangi ya mstari, orodha ya nukta na dirisha la kuhifadhi, kwa kuwa "zana zote zitahitaji", huishia na zana ya kusogeza ramani inayobeba orodha ya nukta isiyo na kazi nayo. Vya pamoja viwekwe kwenye klasi ya kati. QGIS wenyewe wamefanya hivyo: QgsMapToolCapture, inayonasa nukta za kuchora, iko ngazi kadhaa chini ya QgsMapTool.

Dhana: Kila mbinu iwe ya lazima, ili anayerithi asisahau.

Zana ya kubofya mara moja haina shughuli na kusogea kwa kipanya. Ukiilazimisha, utapata msururu wa pass, neno la Python lisilofanya kitu. Cha muhimu ni tabia ya msingi iwe sahihi: wheelEvent ya QgsMapTool, ya gurudumu la kipanya, hulikataa tukio, hivyo turubai hulichukua na kukuza ramani kama kawaida.

Dhana: deactivate ni ya usafi tu, hata ukiiacha si neno.

Mimi nikipewa zana niikague, deactivate ndiyo naisoma kwanza. Mtumiaji ana haki ya kutomaliza. Ameweka kona tatu za kiwanja, kisha akabofya kitufe cha mkono asogeze ramani. Zana yako imeng'olewa katikati ya kazi, na usipoifuta QgsRubberBand, ule mchoro wa muda utabaki umening'inia juu ya ramani na hakuna zana tena ya kuuondoa. Kosa la pili ni kuiandika upya deactivate bila kuita super().deactivate(), yaani ile ya klasi mama. Mama ndiye anayekiondolea kitufe cha zana alama ya kubonyezwa. Usipomwita, kitufe kinaendelea kuonekana kimewashwa wakati zana imeshazimwa.

Zile kona tatu je, zitupwe au zitunzwe? Hilo si la klasi mama kuamua. Kwa viwanja ningezitunza mtu akienda kusogeza ramani tu, na kuzitupa akibonyeza Esc.

Dhana: Matukio huja kama mtumiaji anavyoyafikiria.

Yeye anafikiri amebofya mara mbili. Qt, maktaba ambayo QGIS imejengwa juu yake, inatuma matukio manne: kubonyeza, kuachia, kubofya mara mbili, kuachia tena. Sasa chukua zana inayoongeza kona kila kipanya kinapoachiwa na kufunga poligoni kwa kubofya mara mbili. Kuachia kwa kwanza kunaongeza kona ya mwisho, vizuri. Tukio la tatu linafunga poligoni, vizuri pia. Kisha kunafika kuachia kwa pili, na zana inaanza kwa utiifu poligoni mpya yenye kona moja, huku mtu anadhani amemaliza. Dawa ni alama ndogo ya "nimefunga sasa hivi" inayomeza tukio hilo la mwisho, na mahali pake ni kwenye klasi ya kati, isiandikwe upya katika kila zana.

Kusogea nako kuna mtego wake. canvasMoveEvent huja hata kama hakuna kitufe kilichobonyezwa, na button() katika tukio la kusogea hurudisha NoButton sikuzote. Ukitaka kujua kama mtu anaburuta, uliza buttons(), kwa wingi.

Dhana: Hifadhi nukta kama zilivyokuja, kwa pikseli.

Pikseli 412, 230 ni sehemu nyingine kabisa ramani ikishakuzwa. Zigeuze ziwe majira ya mahali halisi mara tu tukio linapofika: toMapCoordinates kwa mchoro wa muda, toLayerCoordinates kwa kile kitakachoandikwa kwenye tabaka la data. Hizi mbili si kitu kimoja. Tabaka la viwanja vya Dar es Salaam linaweza kuwa katika mfumo wa majira wa Arc 1960, UTM kanda 37 Kusini, wenye namba EPSG:21037, wakati turubai liko kwenye mfumo mwingine, EPSG:3857, kwa sababu ya ramani ya mtandaoni iliyowekwa chini yake. Ukichanganya, kiwanja kitaandikwa mahali ambapo hakipo.

Dhana: Ukishaita setMapTool, zana ni mali ya turubai.

Usilitegemee hilo. Ukiandika `zana = ZanaYaKiwanja(turubai)` ndani ya mbinu, kisha mbinu ikaisha, Python inaweza isione tena anayeihitaji na kuifuta. Hapo unabofya, kimya, hakuna hata ujumbe wa kosa. Iweke kwenye self.zana ya programu-jalizi, na ndani ya unload, mbinu inayoitwa programu-jalizi inapoondolewa, uite unsetMapTool kabla ya kuiachia.