Fomu ya 1099 haizai mapato

Simu ya kwanza ya Jumatatu ilitoka kwa dada aliyetoa dola 3,000 taslimu kwenye kadi yake ya mkopo mwezi Oktoba. Alitaka kujua aziandike mstari gani kwenye ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka. Saa moja baadaye akapiga kijana anayesafisha ofisi usiku, aliyelipwa pesa mkononi mwaka mzima. "Kaka, wale hawakunipa 1099, kwa hiyo hiyo haihesabiki, au siyo?"

Mmoja anataka kulipia kodi deni lake, mwingine hataki kulipia jasho lake, na wote wawili wamenywa kisima kimoja: kwamba karatasi ndiyo inayoifanya pesa iwe mapato. Nimeandaa ritani hapa Marekani miaka mingi, na kila Februari imani hii inanibishia hodi ikiwa imevaa nguo mpya. Fomu ya 1099 ni umbea rasmi tu. Mtu aliyekulipa, au aliyekusamehe deni, anawanong'oneza IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na kukupa wewe nakala. Umbea unaweza kuwa wa kweli, wa uongo, au usiwepo kabisa, na mapato yako yakabaki yaleyale.

Nianze na dada, maana lake ni jepesi. Advansi ya kadi, yaani taslimu unayotoa kwenye kadi ya mkopo, ni mkopo. Umepokea 3,000, unadaiwa 3,000, hujatajirika hata senti. Haiandikwi popote. Kilichopaswa kumtia wasiwasi ni ada, ambayo mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5, na riba inayoanza kuhesabiwa siku ileile bila siku za neema. Riba hiyo haipunguzi kodi kama pesa ziliishia kwenye kodi ya nyumba na chakula. Ila usichanganye na advansi ya mshahara: mwajiri akikulipa leo kwa kazi utakayoifanya mwezi ujao, hayo ni mapato ya siku uliyoyapokea. Neno moja, mambo mawili.

Kijana naye: ukijiajiri na faida yako ikafika dola 400 kwa mwaka, unajaza ritani. Basi. Kiwango cha kutoa 1099-NEC, fomu ya malipo kwa mtu asiye mwajiriwa, kimepandishwa kutoka dola 600 hadi 2,000 kwa malipo ya kuanzia mwaka 2026, na nimeshawasikia watu wakishangilia kana kwamba wamesamehewa kodi. Kiwango hicho kinamhusu anayelipa, kwamba alazimike kuandika fomu au la. Wewe uliyelipwa hakikugusi.

Sasa tuje kwenye kinachonipandisha presha, 1099-C, fomu ya deni lililofutwa. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Kirby Lumber mwaka 1931, inajulikana kuwa deni ukisamehewa, kile ulichosamehewa kinaweza kuwa mapato, kwa sababu sasa kweli umetajirika. Halafu kuna misamaha, na mkubwa ni ufilisi: deni lililofutwa na mahakama ya ufilisi haliingii kwenye mapato. Watu wakisikia hapo wanaziba masikio. "Nilifilisika, kwa hiyo sidaiwi kodi." Lini? Hilo ndilo swali langu, na hakuna anayelipenda.

Alikuja jamaa na bahasha ambayo hakuwa ameifungua tangu Januari. Ndani, 1099-C ya dola 9,200. Kisanduku cha 6 kilikuwa na herufi G, sio A. A ni ufilisi. G ni kwamba mkopeshaji aliamua mwenyewe kuacha kudai. Kisanduku cha 1, tarehe: Novemba. Alifungua kesi yake ya Sura ya 7, ufilisi wa kufuta madeni bila mpango wa kulipa, lini? Februari iliyofuata. Deni lilikuwa limeshakufa kabla mahakama haijafika mazishini, kwa hiyo msamaha wa ufilisi haumfai.

Kilichombakia ni msamaha mwingine: kuonyesha kwamba muda mfupi kabla ya deni kufutwa, madeni yake yalizidi mali zake. Tukakaa mezani na kalamu. Madeni yote, dola 38,000. Gari 10,500, benki 600, samani 900. Akiba ya uzeeni 19,000, na hapo akakataa: "Kaka, ile siwezi kuigusa, na hata mahakama haikuigusa!" Ni kweli kwamba mahakama haikuigusa. Kwenye hesabu hii inaingia hivyohivyo. Mali 31,000, pengo 7,000. Kwa hiyo 7,000 zinasamehewa kupitia Fomu 982, ya kuwaeleza IRS deni lisilohesabiwa kuwa mapato, na 2,200 zinabaki kuwa mapato. Angeitupa bahasha ile, kompyuta za IRS zingeona 9,200 nzima na kumwandikia barua.

Nikiri jambo: zile 900 za samani ni makisio. Makochi ya miaka sita yana thamani gani? Mimi natumia bei ambayo mtu baki angeyanunua yakiwa yametumika, napiga picha, natia sahihi, na bado silali vizuri. Na hiyo herufi G haimaanishi kila mara kwamba deni limekufa kweli. Mwaka 2013 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho ilisema 1099-C peke yake haithibitishi kuwa deni limefutwa, ingawa kuna mahakama za ufilisi zilizokuwa zimeona kinyume. Mtu anaweza kulipishwa kodi ya deni ambalo bado anadaiwa. Sina jibu zuri la kumpa mtu wa namna hiyo zaidi ya kumwambia amtake mkopeshaji aseme kwa maandishi.

Wale wanaopanga kutoa pesa zote kwenye kadi wiki ya mwisho kabla ya kwenda mahakama ya ufilisi: sheria imewatangulia. Advansi zinazozidi jumla ya dola 1,250 ndani ya siku 70 kabla ya kufungua kesi huchukuliwa kuwa za hila, na mkopeshaji akilalamika, ni juu yako kuonyesha vinginevyo. Kiwango hicho ni cha kuanzia Aprili 2025.

Na wajanja zaidi hulipa IRS kwa kadi ili baadaye deni la kadi lifutwe na mahakama ya ufilisi. Kama kodi yenyewe ilikuwa ya aina isiyofutika, basi deni la kadi lililoilipa nalo halifutiki kwenye Sura ya 7. Sura ya 13, ufilisi wa kulipa kwa mpango, ina mlango kidogo wa kulifuta, lakini ni miaka 3 hadi 5 ya kulipa kila mwezi kabla hujaufikia. Yule dada nimemwuliza zile 3,000 za Oktoba zilikwenda wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nililipa kodi ya mwaka jana."