Engaruka: yanayosemwa, na yaliyomo ardhini

Ukitoka Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, kuelekea Ziwa Natron, barabara inafuata ukuta wa Bonde la Ufa, nchi kavu ya vumbi na miiba. Hapo Engaruka, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, kuna takriban hekta 2,000 za mashamba ya kale: mistari ya mawe, mifereji, matuta, na mteremkoni vijiji saba vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Watu walilima hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Kila tukizungumzia mazingira Engaruka hutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa dhana potofu kama hizi.

Dhana: Akiolojia ni kusaka mafuvu na dhahabu, haina la kumwambia mkulima.

Kilichowashughulisha watafiti Engaruka ni udongo wenyewe, kuta za mashamba na mbegu za mtama zilizoungua. Hayo ni mambo ya mkulima.

Dhana: Lazima walijenga wageni, maana Mwafrika alingoja mvua.

Hili halihitaji maneno mengi. Wachagga wana mifongo yao, mifereji ya kumwagilia, Kilimanjaro, Wamarakwet wa Kenya wanateremsha maji Bonde la Kerio, na Wabatemi, jirani wa Natron, bado wanagawana maji chini ya wazee wao.

Dhana: Mababu waliishi na maumbile bila kuyabadili.

Tunaipenda dhana hii kwa sababu inatupa mababu wasio na doa. Ardhi inasema vingine, na kwangu ndilo somo kubwa la Engaruka. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Daryl Stump umeonyesha kwamba sehemu ya mashamba yale haikuwepo kabla ya watu kuyaumba. Walijenga kuta fupi za mawe, wakaelekeza humo maji ya mto yaliyojaa tope. Maji yakipunguza kasi, tope linatuama. Ukuta ukifunikwa na tope wanauinua, tope linatuama tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka panakuwa na shamba lenye udongo mzuri mahali palipokuwa na mawe. Yaani udongo uliomomonyoka milimani, ambao sisi tungeuhesabu hasara tupu, wao waliukinga na kuulima. Waliibadili nchi kwa mikono yao, na kwa kujua wanachofanya.

Dhana: Waliharibu mazingira, wakaangamia.

Hakuna sababu moja iliyothibitishwa. Wataalamu wametaja kupungua kwa mito, kuchoka kwa udongo, na mabadiliko ya wakati wafugaji wa Kimaasai walipoenea eneo hilo. Kuacha kulima mahali pia si kuangamia, kwani watu huhama na ujuzi wao. Nami huona si haki kuita karne tatu za kilimo penye mvua haba kushindwa, ilhali mradi wa umwagiliaji wa leo husifiwa ukiwa na miaka mitano tu.

Dhana: Basi tuyarudishe mashamba yale kama yalivyokuwa.

Wanaosema hivi wana nia njema, lakini wanasahau maji. Vijito vilivyolisha baadhi ya mashamba ya kale leo ni makorongo makavu, na Mto Engaruka unaoendelea kutiririka tayari unamwagilia mashamba ya kijiji cha sasa. Wanasahau pia kazi: kuta zile zilitaka mikono mingi, msimu baada ya msimu.

Kinachoweza kuchukuliwa ni hesabu ya muda mrefu. Tope la bondeni lilitoka milimani, kwa hiyo ukizuia mmomonyoko wote juu, unapunguza pia udongo unaofika chini; ukijenga banio, kizuizi cha kuchepusha maji ya mto, bila kujali tope, litajaa. Mhandisi anayepanga mfereji mpya Engaruka angefanya vema kuchimba kwanza shimo moja katika shamba la kale, asome yale matabaka, aone mto ulileta nini mwaka wa mafuriko na nini mwaka wa ukame. Ila awahi: mifugo inapita juu ya kuta hizo kila siku, na mawe yake yanachukuliwa kujengea.