Mlo mbadala ni nini hasa, na chakula tayari je?

Shangazi yangu wa Kondele aliambiwa apunguze kilo sababu ya presha, akanunua mkebe wa ile poda ya kukoroga inaitwa mlo mbadala, na kila asubuhi anakunywa glasi moja, alafu nusu saa baadaye anaketi na chai ya maziwa na mandazi zake mbili kama kawaida. Miezi miwili hivo, mizani ikapanda. Aliumia sana, akaona pesa yake imeliwa bure, na ukweli ni kwamba hakuna mtu alikuwa amemweleza hilo neno linamaanisha nini.

Mlo mbadala ni kitu unakula ama unakunywa MAHALI pa mlo. Ukishakunywa hiyo glasi, chai na mandazi zimeshaenda, hiyo ndo ilikuwa breakfasti. Ukiongeza juu ya chakula chako, umeongeza kalori tu.

Na si kila poda ni mlo mbadala. Kanuni za kimataifa za chakula, zile za Codex, zinataka mlo mmoja wa aina hii uwe na kalori 200 hadi 400, angalau robo ya hizo kalori itoke kwa protini, na vitamini na madini ziwekwe kwa kipimo. Kwa hivo majani ya kukata tumbo unayouziwa stejini si mlo mbadala, na poda ya protini ya watu wa gym pia sio, manake hiyo imetengenezwa kuongezea chakula.

Kwa nini inasaidia watu? Hakuna dawa ndani, ni hesabu tu. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360, sasa kama ugali wako umekula unga gramu 200 uko juu ya 700 na hujagusa samaki wala mchuzi, na hakuna mtu hupima ugali kwa sahani, tunakula mpaka tushibe. Uingereza walifanya utafiti unaitwa DiRECT, matokeo yakatoka 2017: watu wa sukari ya aina ya pili waliishi kwa poda na supu za kukoroga peke yake, kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano, kisha wakarudishwa kwa chakula polepole. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa. Lakini tafadhali sikieni hapa, dawa zao za sukari na presha zilisimamishwa na madaktari waliokuwa wanawafuatilia. Ukipunguza chakula hivo na bado unameza dozi ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla uanguke, presha pia. Nenda kliniki yako kwanza, usianze kimyakimya.

Chakula tayari ni kitu ingine. Hicho ni chakula kamili, kimeshapikwa, kimepimwa, wewe unapasha tu. Uzuri wake ni kwamba sahani imeamuliwa kabla njaa haijaingia. Shida kubwa kwa mtu wa moyo ni chumvi. WHO inasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai, na lebo nyingi zinaandika sodiamu badala ya chumvi, kwa hivo chukua hiyo namba uzidishe mara 2.5. Pakiti ikiwa na sodiamu gramu 1, hiyo ni chumvi gramu 2.5, nusu ya chumvi ya siku imeisha kwa pakiti moja!

Na chakula tayari unaweza kujipikia Jumapili: maharagwe, managu na samaki kutoka soko la Kibuye, chumvi kidogo, unagawa kwa mikebe, kila mkebe mlo mmoja.

Shangazi sai anakula ugali wake wa saizi ya ngumi moja na samaki mchana, na glasi ya poda ndo sapa. Mandazi alibakisha za Jumapili.