Chatiboti kwa wanafunzi wa uuguzi walio wodini: anza na makabidhiano

Swali linaloulizwa kwanza vyuoni ni chatiboti (programu inayojibu ujumbe) ya kumsaidia mwanafunzi kihisia iongee naye vipi. Mimi huanzia kwingine: ikisikia jambo zito saa tisa usiku, inamkabidhi nani? Wauguzi wanajua uzito wa kukabidhi zamu. Mgonjwa haachwi kitandani kwa matumaini kwamba mwenzako atamwona. Kama kwenye ratiba hakuna jina la mtu wa zamu na namba inayopokelewa, chatiboti isiwashwe.

Kazi yake halali ni ndogo, ila ina faida. Mwanafunzi wa stashahada akipelekwa mazoezini hospitali ya wilaya, mshauri wa wanafunzi anabaki chuoni. Mgonjwa wake wa kwanza akifariki, au akikaripiwa mbele ya wodi nzima, au akigundua kachelewesha dozi, anahitaji pa kuandika kabla hajalala. Hapo chatiboti inaweza kumpa zoezi la kupumua la dakika tatu, kumsaidia kupanga maneno ya kumwambia mkufunzi kesho yake, na kumwekea miadi. Isimpe jina la ugonjwa wala kumshauri dawa.

Ugumu unaanzia kwenye Kiswahili chenyewe. Wajenzi huweka orodha ya maneno ya hatari, halafu wanasahau kwamba kitenzi chetu hubadilika mwanzo na mwisho. Ukitafuta "kujiua" unamkosa aliyeandika "najiua". Ukikata hadi "jiua", bado "bora nijiue" inapita. Ukikata zaidi hadi "jiu", umejitafutia balaa jingine: "najiuliza", "nimejiunga", "najiuguza" na "kujiuzulu" zote zinapiga kengele, na mwanafunzi wa uuguzi anajiuliza mambo mchana kutwa. Tafuta "jiua", "jiue" na "jiui" zikiwa mwishoni mwa neno.

Hata hivyo wengi hawalitaji neno hilo kabisa. Huandika "natamani nilale nisiamke", "nimechoka na maisha", "nyumbani watapumua nisipokuwepo". "Nimechoka" peke yake ndiyo tabu: aliyesimama kwa saa 12 huenda amechoka miguu tu. Mashine isikisie. Iulize waziwazi: "Umechoka na kazi ya leo, au umefika mahali pa kufikiria kufa?" Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo; wanaofanya kazi ya afya ya akili hufundishwa kuuliza hivyohivyo.

Jibu likiwa anafikiria kufa, au mtu akinyamaza dakika tano baada ya swali hilo, modeli ya lugha (programu inayotunga majibu ya chatiboti) ikae pembeni. Modeli hizi huelekea kukubaliana na anayeandika, na mazungumzo yakirefuka anayesema hafai kuwa nesi anaweza kuongezewa sababu. Kuanzia hapo zitumwe sentensi zilizoandikwa na binadamu na zisizobadilika: mtu wa zamu ameshajulishwa, anaitwa nani, atapiga ndani ya dakika kumi, na kwa sasa nenda ukae na mwenzako. Asipopokea wa kwanza, simu ihamie kwa wa pili bila kumsubirisha mwanafunzi.

Kuna ujumbe unaofanana na woga lakini ni dharura ya mwili: "Nimechomwa na sindano, naogopa sana." Chatiboti iliyofundishwa hisia tu itamwambia avute pumzi, na huku saa zinakwenda. Anatakiwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kuliminya, amjulishe msimamizi wa wodi, apimwe, na kama inahitajika aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, azimeze siku 28. Maelekezo hayo yatangulie. Woga utazungumzwa baadaye. Unyanyasaji wa kingono nao uwe na njia yake, na taarifa isifike kamwe kwa msimamizi yuleyule anayelalamikiwa.

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima dalili za sonona, hutumiwa vibaya kwa namna mbili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kwa hiyo kulituma kila siku ni kumchosha mtu bure. Mara moja kila siku 14 inatosha. Pia watu hutazama jumla pekee, kati ya 0 na 27, na kusubiri ifike 10. Swali la 9 linahusu kufa au kujidhuru: jibu lolote juu ya sifuri liende kwa binadamu, hata jumla ikiwa 3. Upande wa pili, swali la 3 na la 4 ni usingizi na uchovu, na aliyemaliza wiki ya zamu za usiku anaweza kupata alama 6 kwa hayo mawili tu. Andika zamu yake kando ya alama.

Wengi watatumia WhatsApp, basi jua mipaka yake. Ukishapita muda wa saa 24 tangu mwanafunzi aandike, huwezi kumtumia ujumbe huru, ni kiolezo tu, yaani ujumbe ulioandaliwa na kuidhinishwa na WhatsApp kabla. Kiombee idhini mapema. Vitufe vya kujibu havizidi vitatu, na kila kimoja hakizidi herufi 20. "Nahitaji mtu sasa" inaingia, na kitufe hicho kiwepo kila hatua.

Anayesaini kitabu cha mazoezi ya wodini asione mazungumzo haya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni nyeti. Zaidi ya hapo, kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba). Mwanafunzi anayelijua hilo atapima kila neno, kwa hiyo mweleze tangu ujumbe wa kwanza nani anasoma, na maandishi yanafutwa baada ya siku ngapi.

Kabla ya kufungua, waombe wanafunzi wa mwaka wa tatu waandike jumbe 100 jinsi wanavyoandikiana wenyewe, vifupisho na Kiingereza cha kuchanganya ndani yake, kisha chunguza zile za hatari zilizopita kimya. Halafu, Jumapili saa tisa usiku, piga ile namba ya zamu uhesabu italia mara ngapi.