Pikapu inayovuta tani 3 haibebi tani 3

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuwa pikapu inayovuta tani 3 hubeba tani 3, mradi uiongezee springi. Si kweli, tafadhali usiusambaze. Watu huchanganywa na matangazo yanayotaja uwezo wa kuvuta pekee, tena kwa tela lenye breki zake. Uzito mwingi wa tela hubebwa na magurudumu yake; mzigo wa bodi huelemea ekseli, breki na matairi ya pikapu, na springi haziimarishi hata kimoja kati ya hivyo.

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango au kitabu cha gari: uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kwa mfano, kilo 3,000 toa 2,000 hubaki 1,000 za mzigo wote, wakiwemo abiria na uzito unaokandamiza ndoano ya tela, mara nyingi karibu asilimia 10 ya tela lenye mzigo.